Pazia Kati ya Madaktari Wawili

4 Februari

Pindo wangu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba dawa ya kichwa hukaa kichwani na dawa ya magoti hukaa magotini, kila moja chumbani kwake na mlango umefungwa. Dawa hazijui vyumba. Ukishazimeza, zote zimepita koo moja, zote zinaogelea katika damu moja, na nyingi zikimaliza kazi zinapanga foleni kwenye figo zilezile kutafuta njia ya kutoka. Nimeanza na hili kabla ya salamu kwa sababu nakujua. Salamu unazisoma, mawaidha unayafanya kifuniko cha kikombe.

Sasa salamu. Marahaba kwa shikamoo yako. Sisi hatujambo. Baba yako naye hajambo, ila amenunua redio iliyokufa na ameapa ataifufua. Ameitandaza juu ya meza ya kulia, utumbo wote nje, nasi tunakula sahani zikiwa mapajani kama abiria. Anasema siku ikipona, hata mimi nitaisikia. Nikamwambia, kaka, mimi nasikia ninachotaka kusikia.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Afadhali umeandika. Mara ya mwisho uliponipigia simu ulieleza jambo refu kwa sauti ya chini, nami nikakujibu, "Haya, na wewe pia," nikakata. Baba yako ndiye aliyenieleza baadaye kwamba ulikuwa unaniambia unaumwa.

Umesema ni lupasi. Mimi nilifundisha kemia, sikufundisha udaktari, kwa hiyo nipokee kama mwalimu tu. Mwili una askari wake wa kuulinda. Katika lupasi askari hao hupotewa na akili, wakaacha kumtafuta mwizi na kuanza kuwapiga wenye nyumba: leo viungo, kesho ngozi, na wakiachiwa hufika hata kwenye figo. Hizo dawa mpya ulizopewa zinawarudisha kambini. Ni ugonjwa wa kuishi nao, na wako watu wanaoishi nao mpaka wakazeeka na kuwa wasumbufu kama mimi.

Nina swali moja tu. Huyo daktari mpya wa viungo anajua kwamba unameza lithiamu? Daktari wako wa akili ni wa siku nyingi, na tangu akuanzishie vidonge hivyo moyo wako umekaa kwenye reli: haupai juu ya paa la nyumba wala hauzami kisimani. Lakini huyu mpya, umemwambia?

Nijibu.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee baba, pamoja na pole yangu kwa meza.

Huku duka limejaa. Msimu wa harusi umefunguka kama mtu aliyekata kamba ya gunia. Mwenzangu wa mashine ya pili, yule tunayemwita Kasuku, anakusalimu. Anaongea tangu anapofungua kufuli asubuhi mpaka anapolifunga jioni, na nadhani lile kufuli nalo huwa analiaga.

Daktari wa viungo ni mama mrefu mwenye mikono ya baridi. Ananibonyeza vidole kimoja kimoja kama anayechagua nyanya, halafu anaandika. Nampenda. Ila koti lake jeupe lina kifungo cha pili kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Mwekundu, shangazi, kwenye koti jeupe. Muda wote alipokuwa akinieleza hatari za ugonjwa mimi nilikuwa nakitazama kile kifungo na mkono unaniwasha. Nilitaka kumwambia, mama, nieleze baadaye, kwanza vua.

Amenipa prednisoloni na dawa nyingine iliyo ndugu wa klorokwini. Hiyo prednisoloni ni habari nyingine. Vidole vilivyokuwa vimevimba kama ndizi vimenywea, naweza tena kushika mkasi mkubwa. Na njaa niliyo nayo sijawahi kuiona. Kasuku ameanza kuficha chakula chake ndani ya boksi la zipu.

Umewahi kuniuliza tunafanyaje mabibi harusi wawili wakija kupima siku moja. Kanuni ya kwanza ya duka letu ni kwamba hawakutani. Mmoja huingia mlango wa mbele, mwingine mlango wa nyuma, na katikati kuna pazia zito. Walikutana mara moja tu, kabla hatujaweka pazia. Kila mmoja aliliona gauni la mwenzake, akalitaka, akalichukia la kwake, wakalia wote wawili, mama zao wakalia, Kasuku naye akalia ingawa hakuna aliyemwalika. Tangu hapo najua: watu wawili wenye haki ya kukusumbua, usiwakutanishe.

Kuhusu swali lako, huku mvua imenyesha sana.

Je, umekwenda kupima lile sikio?

Pindo

*

9 Machi

Pindo wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, ilikuja ikiwa na alama ya kiatu juu ya bahasha. Nimefurahi kusikia habari za mvua. Mimi ndiye niliyekupa jina la Pindo kwa sababu ulijifunza kutembea ukiwa umening'ang'ania pindo la gauni, na tangu wakati huo nakujua. Ukiulizwa jambo usilotaka kulijibu, unaangalia mawingu.

Baba yako ameifanya redio itoe mlio. Sikuusikia, lakini niliona paka akihama.

Nikueleze hiyo prednisoloni, maana umeanza kuisifu kama mchumba. Mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana nayo, kidogo kidogo, hasa asubuhi, ili tupate nguvu ya kuamka. Wewe sasa unaletewa kwa ndoo. Inawatuliza askari, hilo ni kweli, na ndiyo maana vidole vimenywea. Lakini pia hupanda kichwani. Mmoja humfanya mkali, mwingine humnyima usingizi, na mwingine humpa furaha isiyo na sababu, furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu ambayo hakununua tiketi yake. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua hisia, hilo ni jambo la kuangalia. Kwa mtu kama wewe, ambaye moyo wake uliwahi kuruka reli, ni jambo la kuangaliwa na madaktari wote wawili, kila mmoja akijua mwenzake anafanya nini.

Wala usielewe vibaya ukaitupa. Mwili ukizoea kuletewa, huacha kujipikia. Ukikatiza ghafla utabaki na njaa ambayo chakula hakiitoshelezi. Prednisoloni hupunguzwa ngazi kwa ngazi, na anayeshika ngazi ni daktari.

Pazia lako la mabibi harusi nimelielewa kuliko ulivyotaka nilielewe. Magauni mawili yakikutana, mtu atalia. Lakini haya si magauni, Pindo. Ni vitambaa viwili unavyovishona kuwa vazi moja, na vazi lenyewe ni wewe. Je, fundi anaweza kushona bega la kulia bila kujua la kushoto limekatwaje?

Nauliza tena. Umemwambia?

Kuhusu sikio langu, hata huku mvua imenyesha.

Shangazi yako

*

17 Machi

Shangazi shangazi shangazi,

Shikamoo, hamjambo, paka hajambo, redio haijambo, nina haraka na nina mengi kwa hiyo nitayamwaga utayaokota mwenyewe.

Kwanza nina furaha. Siku hizi naamka kabla ya ndege na mimi ndiye ninayewaamsha. Usingizi umekuwa mgeni anayepita barazani kusalimu na kuondoka bila hata kukaa. Nimepokea magauni ambayo mwaka jana ningeyakimbia, nimebadilisha mapazia ya duka, nimeishonea mashine yangu koti, na yule jirani anayeuza rangi nimemshonea aproni yenye jina lake mbele na nyuma ili asipotee. Kasuku ameniambia jana, "Dada, pumzika kidogo, unaongea kunishinda." Kasuku, shangazi. Aliyasema hayo Kasuku.

Pili, nimeamua kuwa mshenga. Sikiliza. Daktari wangu wa viungo ni mama mzuri mwenye umri wa busara, na sioni pete, maana anavaa glavu. Daktari wangu wa akili ni mzee mpole, mtaratibu, anayetafuta miwani iliyo usoni kwake. Kila nikienda anafungua droo zote akiitafuta na mimi nakaa kimya kwa heshima. Mtu huyu anahitaji mke. Mama huyu anahitaji mtu wa kumtafutia miwani. Nimewakadiria wote wawili vipimo kwa macho: mama gauni la mikono mirefu, mzee suti ya kijivu. Nitawakutanisha siku moja kwa bahati, bahati nitakayoipanga mwenyewe, na hapo ndipo nitaondoa pazia, siyo kabla. Nitafurahi sana kumbadilishia mzee lile koti lake. Kina mama wa kufua huko hospitalini kwao wanavurunda, maana na yeye kifungo chake kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Siku hizi sijui uzi mweupe umekwenda wapi katika nchi hii.

Tatu, nimekutumia kifurushi. Ni gauni lako. Usiulize bei, ni zawadi. Lina mifuko kwa sababu ulisema wanawake hawatengenezewi mifuko.

Magoti yameuma kidogo kwa kusimama, nikaenda duka la dawa la hapo kona wakanipa ibuprofeni. Namumunya tu kila yanapolia. Nakunywa maji kama pampu. Mikono inachezacheza lakini ni furaha, hata sindano imekuwa na raha, inakwepa uzi kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Juzi nilitoka dukani nikaona sakafu imeinama upande, nikacheka peke yangu.

Sikio je?

Pindo, mshenga

*

28 Machi

Pindo,

Barua hii haiji kwa posta. Anaileta dereva wa lori la mbao anayepitia huko, mpangaji wetu, na ina nakala ya pili kwa jina la Kasuku. Nimemwomba Kasuku akusomee kwa sauti, popote utakapokuwa, hata kama kuna mteja.

Jana nilimtuma baba yako akupigie simu. Mlizungumza, akacheka, akarudi akaniambia, "Mzima kabisa, ametaka hata kunishonea suti." Kaka yangu ni mtu mwema, lakini ukimwonyesha nyumba inayowaka atakusifia taa zako. Ndiyo maana naandika.

Gauni limefika. Ni la rangi ya samawati, ile ninayoipenda. Lina mifuko ubavuni, kifuani, kwenye mikono, na mmoja mgongoni, ambao nimekaa nikiutafakari. Lakini mimi sikuangalia mifuko. Niliangalia mishono. Kifuani mshono umenyooka kama rula, mkono wangu naujua na wako naujua. Nikishuka kiunoni unaanza kutetemeka. Nikifika kwenye pindo, Pindo wangu, unakwenda kama sisimizi waliovurugiwa njia. Hakuna furaha inayoshona hivyo. Wewe ulishona ukiwa na furaha tangu utotoni, na mshono haukuyumba.

Kiu, mikono inayotetemeka, sakafu inayoinama. Soma nikueleze. Lithiamu ni aina ya chumvi. Haina njia nyingine ya kutoka mwilini ila mlango mmoja, mlango wa figo. Siku zote unaingiza kiasi na kinatoka kiasi, na daktari wako anapima damu kuhakikisha. Hiyo ibuprofeni hupunguza upana wa mlango huo. Lithiamu inaendelea kuingia kama kawaida lakini kutoka haitoki vizuri, inajazana barazani. Ikizidi, dawa iliyokuwa inakutunza hugeuka kuwa sumu. Na wewe una lupasi, ambayo yenyewe hupenda kuziandama figo. Daktari wa viungo angejua una lithiamu angekukataza vidonge hivyo siku ya kwanza. Daktari wa akili angejua una lupasi angekupima damu mapema. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja anashona bega lake.

Kwa hiyo vile vya duka la kona usimeze tena hata kimoja. Prednisoloni usiiguse kwa uamuzi wako. Lithiamu, watakaosema kuhusu dozi inayofuata ni wao, na watasema leo, kwa sababu leo hii unakwenda hospitali. Funga duka. Tia dawa zote katika mfuko mmoja, hata zile ulizoficha nyuma ya vitambaa, umimine mezani kwa daktari.

Kasuku, mwanangu, ukimaliza kusoma mshike mkono. Akianza kuongea juu ya mvua, mburute.

Shangazi

*

19 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kitandani kwangu nyumbani, na mkono unaandika unakotakiwa. Utaona. Baba mwambie suti yake nitaishona, lakini kwa utaratibu.

Nikusimulie kwa mpangilio, maana sasa ninaweza mpangilio.

Dereva alifika wakati bibi harusi mmoja amesimama juu ya stuli, nusu ndani ya gauni. Kasuku akafungua bahasha yake, akasoma kwa sauti kama ulivyomwagiza, kuanzia tarehe. Nilimwambia anyamaze, na lilikuwa kosa, kwani anayejaribu kumnyamazisha Kasuku humwongezea sauti. Alipofika kwenye sisimizi, yule bibi harusi akainama juu ya stuli akaangalia pindo la gauni lake. Akaniambia taratibu, "Dada, nenda tu. Mimi nitajivua."

Hatukupata mfuko mdogo. Tulichukua ule mrefu wa kuhifadhia gauni, tukatia dawa zote humo, vichupa vinagongana chini kama njuga. Kasuku aliubeba begani.

Hospitalini, mama daktari wa viungo aliumimina juu ya meza. Akachukua kimoja kimoja, akavipanga. Alipofika kwenye lithiamu akanitazama. "Hii unaandikiwa na nani?" Nikaangalia dirishani. Shangazi, nilitaka kusema habari ya mvua, lakini jua lilikuwa linawaka na Kasuku alikuwa amenishika mkono.

Nikamwambia yote. Nikamwambia na kwa nini. Zamani, kabla lupasi haijajulikana, nilikwenda hospitali nyingine na viungo vimevimba, mhudumu akafungua faili langu, akaona dawa za akili, akafunga faili. "Mama, hayo ni mawazo." Nikarudi nyumbani na mawazo yangu yaliyovimba. Nikaapa kwamba atakayenitibu magoti hatajua habari za kichwa. Hilo ndilo nililokuwa silijibu. Na upande wa pili nilimficha daktari wa akili habari za prednisoloni, kwa sababu furaha ile ilikuwa tamu na nilijua akiiona ataitambua.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Magoti yako ni magoti. Na dawa hii ningetaka kuijua tangu mwanzo." Akauliza kama namruhusu azungumze na daktari aliyeiandika. Nikasema ndiyo. Nikamtajia.

Hakuuliza namba. Aliibonyeza bila kuangalia, akaweka simu sikioni, akasema, "Wewe. Umekula? Miwani iko juu ya friji. Sasa sikiliza, niko na mgonjwa wako."

Kasuku alifunga mdomo. Naweza kuapa, nilimwona.

Wameoana, shangazi. Miaka na miaka. Wana watoto wakubwa. Mimi nimekaa nikilinda pazia kati ya watu wanaolala nyumba moja na kunywa chai kwenye birika moja. Nimekuwa nikipita mlango wa mbele kwa mke na mlango wa nyuma kwa mume. Na nilishakata karatasi za vipimo vya suti.

Walinilaza. Damu ilipopimwa lithiamu ilikuwa imezidi, wakaisimamisha, wakaniwekea dripu, wakaziangalia figo kila siku. Figo ziko salama, ndivyo walivyosema, na walisema pia kwamba ningekawia kidogo wasingesema hivyo. Walinipima na moyo, maana ile dawa iliyo ndugu wa klorokwini nayo haipatani na kila dawa ya akili, na wanataka kujua kabla ya kuchagua. Sasa prednisoloni inashuka ngazi kwa ngazi, dawa ya akili wanaipanga upya pamoja, mbele yangu, wakibishana kwa adabu ya watu waliokwisha kubishana mengi.

Mzee alikuja wodini siku ya pili, miwani usoni. Nikamuuliza ilikuwaje hawakujua, watu wa nyumba moja. Akasema, "Habari za wagonjwa hazipandi gari letu. Yeye hatoi zake, mimi sitoi zangu. Pazia hilo ni zito kuliko la kwako, na mwenye ruhusa ya kulifungua ni wewe peke yako."

Nikamuuliza kuhusu kifungo. Akasema nyumbani kwao kuna uzi wa rangi moja tu na mshonaji ni yeye.

Nimewashonea vyote upya kwa uzi mweupe. Mama daktari aliliangalia koti la mumewe akaomba nimrudishie ule mwekundu, ndivyo anavyolitambua kwenye mafuriko ya makoti ya kufua.

Bibi harusi wa stulini alivaa gauni lililomaliziwa na Kasuku. Amesema pindo limenyooka.

Sasa jambo moja, nalo si la kucheka. Daktari alinieleza kwamba furaha ile, sehemu yake kubwa, ilikuwa vidonge. Nimelala nikilifikiria. Nilipokuwa naishonea mashine koti, nilipokuwa nakushonea wewe gauni, yule alikuwa nani? Siku hizi nimetulia na ninajiona kama nyumba baada ya wageni kuondoka.

Jino nalo limeanza kuuma, nimepata nafasi kwa daktari wa meno katikati ya mwezi ujao. Sioni kama linahusika na haya.

Na sikio, usiniambie mvua.

Pindo

*

11 Mei

Pindo wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisomea kwenye mlango wa ofisi ya posta, nikacheka mpaka karani akaniletea kiti.

Habari za kwetu zipo. Baba yako ameifufua redio. Najua kwa sababu naisikia. Ndiyo, nimekwenda. Nisingeweza kukuamuru wewe ufungue pazia huku mimi nimejifungia langu. Wamenitia kidude nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya haragwe, na nimegundua mambo. Viatu vyangu vinalia. Friji inanung'unika siku nzima kama mke mwenza. Baba yako anaimba anapooga, na ninaanza kuelewa kwa nini yule paka alihama hata kabla ya redio. Majirani ambao kwa miaka nilidhani wananitakia asubuhi njema, walikuwa wananiambia nimeacha bomba wazi.

Nikiri furaha moja ndogo ya mwalimu. Vifungo viwili vya uzi mwekundu, makoti mawili meupe, mji mmoja. Niliposoma barua yako ya Machi nilijua mkono uliovishona ni mmoja. Ni wewe fundi uliyeviona vyote viwili kwa macho yako na kuwalaumu kina mama wa kufua. Nilinyamaza, nikasema nimwache ashone mpaka ajidunge.

Sasa swali lako zito. Umeuliza yule aliyekuwa anacheka alikuwa nani.

Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi walifikiri moto ndio unaotengeneza rangi. Ukitia chumvi fulani kwenye mwali, mwali unakuwa mwekundu, nyingine kijani, nyingine zambarau. Niliwaambia, moto ni uleule kwa chumvi zote. Rangi hutoka kwenye chumvi yenyewe, moto unaifanya ionekane tu, na ukizidi unaunguza meza. Prednisoloni ilikuwa moto. Ule mfuko wa mgongoni, mwanangu, ule ulikuwa moto, na nimeutafutia kazi nikakosa. Lakini kukumbuka kwamba shangazi yako anapenda samawati, kukumbuka kwamba niliwahi kulalamikia mifuko, kumshonea jirani aproni asipotee, hizo ni rangi zako. Zilikuwepo kabla ya vidonge na zitakuwepo ngazi zikiisha. Nyumba baada ya wageni huonekana tupu kwa sababu imefagiliwa. Subiri. Wenye nyumba wanarudi.

Gauni nalivaa. Pindo lake sitalirekebisha. Kila nikikaa nalishika, naona mahali uliponitoka na mahali nilipokushika.

Tumebakiza jino. Umesema huoni kama linahusika. Ningekuwa karibu ningekufinya. Daktari wa meno ataling'oa, atataka kukupa kidonge cha maumivu, na kidonge cha kwanza mkononi mwake huenda kikawa ndugu wa kile cha dukani kwenye kona. Hatajua chochote, kwa sababu yeye ataangalia mdomo tu, kana kwamba kichwa, magoti na figo umeviacha nyumbani. Umefundishwa kufungua pazia mbele ya madaktari wawili. Kuna wa tatu, atakuja wa nne, na kuna muuza dawa wa kona ambaye humwiti daktari lakini unameza anachokupa.

Kwa hiyo sikupi mawaidha tena, nakupa kazi ya ushonaji. Leo, ukishaiweka barua hii chini, kata kipande cha kitambaa cha gauni kilichobaki, shona mfuko mmoja, tia ndani dawa zako zote, uutundike kwenye kitasa cha mlango wa kutokea nje.

Shangazi yako